Usiamini Kila Anayebisha Akisema Yeye Ni M-Pesa

Ile video yangu ya "Weka M-Pesa kwenye tovuti yako kwa dakika kumi" nimeitoa. Wengi mmeniuliza mbona, na kuna mmoja amesema nimelipwa ninyamaze. Hakuna mtu amenilipa hata ya chai. Nimeitoa kwa sababu ilikuwa inafundisha watu kujenga nyumba yenye geti la chuma mbele na pazia nyuma. Na mtu wa kwanza kuibiwa kupitia hilo pazia alikuwa senje wangu.

Senje, kwa wale si wa huku Magharibi, ni dada ya baba. Wangu ana saiba hapa Amalemba, Kakamega: kompyuta tano, printa moja yenye hasira, na tangu mwaka jana anauza intaneti ya faiba kwa vocha. Saa moja ni shilingi 20, siku nzima 50, wiki 250. Wateja wake ni wasee wa hosteli zilizo karibu. Mfumo wa kuuza hizo vocha nilimjengea mimi. Unaingia kwenye ukurasa, unachagua, unaandika namba ya simu, lile dirisha la PIN linaruka kwenye simu yako, unalipa, vocha inajitokeza. Senje hahitaji kuwa macho. Nilijiona mkubwa sana. Nilimwambia hata akilala pesa inaingia.

Wiki tatu baadaye akaniita. Huyu mama anaandika kila kitu kwenye daftari kwa penseli, tabia ya watu waliowahi kuwa waweka hazina wa chama. Akanionyesha kurasa mbili. Mfumo wangu ulisema umetoa vocha za shilingi 14,350. M-Pesa yake ilikuwa imepokea 8,903.

"Sasa mtoto wa kaka yangu," akaniuliza, "hizo elfu tano na kitu zimelala wapi? Na ni nani hawa wananitumia shilingi moja?"

Watu watatu walikuwa wamemlipa shilingi moja moja. Kila mmoja alikuwa amepata vocha ya wiki.

Nilikaa na laptopu hadi saa nane usiku. Nikaanza kusoma kumbukumbu za seva, ambazo kusema ukweli sikuwa nimewahi kuzifungua, na nikaelewa. Wacha niwaeleze polepole, kwa sababu asilimia kubwa ya mifumo nyinyi mnanitumia ili niisifu ina shimo hilo hilo.

Mtu akibonyeza "Lipa", seva yako inaenda Daraja, ile API ambayo Safaricom ilifungulia watengenezaji programu mwaka 2017. Unatoa funguo zako, unapewa tokeni ya saa moja, halafu unaomba dirisha la PIN liende kwa simu ya mteja. Daraja hukujibu saa hiyo hiyo, lakini jibu hilo ni kama la karani: "Nimepokea ombi lako, namba yake ni hii." Halisemi amelipa. Mteja bado anatafuta simu chini ya mto, ama anawaza kama Fuliza itakubali. Jibu lenyewe la pesa linakuja baadaye, kwa anwani ya majibu uliyoiacha kwenye seva yako. Msimbo wa matokeo ukiwa 0, amelipa. Ukiwa 1032, amekataa.

Sasa swali. Ile anwani ya majibu iko wazi kwenye intaneti. Ni nani anaweza kubisha hapo? Jibu ni kila mtu. Ni kama dirisha la duka, na mimi nilikuwa nimemweka hapo kijana ambaye akisikia tu "mimi ni M-Pesa, huyu amelipa", anatoa mzigo bila kuinua macho.

Wale vijana walifanya hivi. Walianza malipo kawaida. Ukurasa wangu, kwa ujinga wangu, ulirudisha namba ya ombi hadi kwenye kivinjari chao, hivyo wakaiona. Dirisha la PIN likaja, wakakataa. Halafu wakaandika wenyewe ujumbe wa JSON wenye namba ile ile ya ombi na matokeo 0, wakautuma kwa anwani yangu ya majibu. Seva yangu ikafurahi, ikatoa vocha. Anwani waliipata wapi? Kwenye GitHub yangu, hadharani, na link nilikuwa nimeiweka chini ya video. Na wale wa shilingi moja hata hawakujisumbua hivyo. Bei niliiacha itoke kwenye kivinjari cha mteja, wao wakabadilisha 250 ikawa 1, wakalipa kihalali kabisa.

Msiseme hao ni wadukuzi wa kutisha. Hiyo kazi ni ya nusu saa kwa mtu mwenye bando na subira.

Na hapa ndipo nina maneno na sisi tunaofundisha mtandaoni. Video yangu ilikuwa na watazamaji wengi kuliko zote nilizowahi kuposti. Unajua kwa nini? Kwa sababu niliishia pale dirisha la PIN linaporuka. Hapo ndipo raha iko. Mtu anaona simu yake ikilia, anapiga picha, anaposti, anasema nimeweza. Kukagua kwamba pesa kweli imeingia hakuna raha, hakuna kitu kinaruka, na video ingekuwa dakika arobaini. Kwa hivyo tunakata. Nimeangalia video kama kumi za wenzangu wiki hii na karibu zote zinaishia pale pale. Tunawafundisha watu kuwasha gari, breki watajua mbele.

Wengine watasema mfumo mdogo hakuna atakayeudukua, watu wanalenga benki. Hiyo ni hadithi. Benki ina watu wanalipwa kukesha. Saiba ya Amalemba ina mimi. Na mwizi wa kuku hatoki Nairobi, ni jirani anayejua mbwa wako analala saa ngapi. Mfumo mdogo unaotumiwa na wasee wa hosteli umezungukwa na wasee wa hosteli, wenye akili, wenye njaa, na wasio na la kufanya Ijumaa jioni.

Nilichobadilisha, kwa ufupi, na huu ufupi ni wa makusudi kwa sababu video mpya inakuja. Bei sasa iko kwenye seva tu. Kivinjari kinasema "nataka ya wiki", hakisemi ni ngapi. Namba ya ombi la Daraja haitoki nje, mteja anapewa namba nyingine isiyo na maana. Anwani ya majibu ina kipande kirefu cha herufi za kubahatisha, na inakubali tu anwani za IP za Safaricom. Halafu kubwa kuliko zote: ujumbe ukija kusema "amelipa", seva yangu haiamini. Inachukua ile namba ya ombi, inarudi Daraja yenyewe na kuuliza, hii kitu imelipwa kweli? Daraja wana njia ya kuuliza hivyo, imekuwepo siku zote. Mimi niliiruka kwa sababu ilikuwa ukurasa wa chini.

Yaani ujumbe unaoingia nauchukua kama tetesi. Ukisikia mtaani kwamba mjomba amepata kazi, unampigia mjomba.

Kuna mtu ataniuliza, "Lakini si ulikuwa na HTTPS?" Nilikuwa nayo. Cheti cha Let's Encrypt, bure, kufuli ikionekana vizuri. HTTPS inafanya mtu wa katikati asisome mnachoongea, na inamhakikishia mteja kwamba amefika kwako. Haikuambii anayebisha ni nani. Unaweza kudanganywa vizuri kabisa kupitia laini iliyosimbwa.

Sasa nije kwa sehemu ambayo iliniumiza zaidi, kwa sababu hapa hakukuwa na mwizi.

Nikisoma zile kumbukumbu niliona pia wateja wawili waliolipa na hawakupata kitu, na mmoja aliyelipa mara moja akapata vocha mbili. Hao hawakuiba. Ilikuwa tu mtandao. Mwaka 1994, L Peter Deutsch wa Sun Microsystems aliandika orodha ya mambo ambayo wajenzi wa mifumo inayosambaa kwenye mashine nyingi huyaamini kimakosa, na la kwanza kabisa ni kwamba mtandao hautakuangusha. Huyo mtu angeishi Kakamega angeandika hiyo orodha akiwa darasa la nne. Stima hupotea mvua ikinyesha, na mvua hapa inanyesha karibu kila jioni. Na si sisi peke yetu: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa.

Shida ya mtandao si kukatika tu. Shida ni hujui ulikatika wakati gani. Fikiria umetuma boda Khayega na kuku, ampelekee mteja. Saa mbili zimepita, simu ya boda imezima. Je, hajafika? Ama amefika, amepeana kuku, na simu ikazima akirudi? Ukituma kuku wa pili, labda mteja atakula kuku wawili kwa bei ya mmoja. Usipotuma, labda amelala njaa na pesa alishalipa. Huwezi kujua ukiwa umekaa tu Kakamega mjini. Kitu unachoweza kufanya ni kumfunga kuku karatasi mguuni: "Oda namba 58." Na mkubaliane na mteja kwamba akipokea namba 58 mara ya pili, anairudisha.

Hiyo karatasi ndiyo mifumo ya malipo yote inasimamia. Kila ombi na namba yake, na kabla ya kutoa vocha unaangalia kama hiyo namba ilishahudumiwa. Ujumbe wa "amelipa" ukija mara tano, vocha ni moja. Ujumbe usipokuja kabisa, kuna kazi ndogo kwenye seva yangu inayoamka kila dakika mbili, inatafuta oda zilizoning'inia, na inamuuliza Daraja kuhusu kila moja. Ni mistari kama thelathini. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikijifunza fremuweki tatu tofauti na sikuwa nimejifunza hiyo mistari thelathini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa na mambo yake na mimi nilikuwa na yangu. Huwa mnanitumia ujumbe mkiniambia mnataka kuacha kama mimi kwa sababu "kila kitu kiko YouTube". Hebu nisema ukweli. YouTube ilinipa vitu vinavyoonekana. Somo la mitandao, lile nililokuwa nikilala darasani, ndilo lilikuwa linaeleza mambo ya ujumbe kupotea na kurudiwa. Hata hivyo chuo nilichokuwa, jina nalihifadhi, tulifanya mtihani wa huduma za wavuti kwa kalamu na karatasi. Nimewahi kuandika XML kwa mkono, kurasa mbili, na nikapoteza alama kwa kusahau mabano. Kwa hivyo sisemi darasa limekamilika. Nasema mimi nilitoka kabla ya kuchukua kilichokuwa changu, na senje akalipa karo iliyobaki.

Maana alilipa kweli. Ile 5,447 iliyokosekana ilikuwa pesa ya kulipia faiba ya mwezi. Alikopa kwa chama. Hakuniambia, nilisikia kwa mama.

Kama unadhani haya ni ya watu wadogo, kumbuka mwisho wa Julai 2023. Serikali ilikuwa imetoka tu kuzindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, mwezi haujaisha, kundi linalojiita Anonymous Sudan likaimwagia mafuriko ya maombi ya uongo hadi ikazama. Waziri wa ICT wa wakati huo, Eliud Owalo, alikubali kwamba shambulio lilikuwepo, akasema data haikuibiwa. Na hiyo ndiyo ajabu: hawakuhitaji kuiba. Wageni ikabidi waahidiwe viza wakifika uwanja wa ndege, tiketi za treni zikawa shida. Oktoba 2024 Marekani ilifungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani kwa kuliendesha hilo kundi. Ndugu wawili, wasee.

Ninachotoa hapo si woga. Ni kwamba ukikusanya milango elfu tano kwenye korido moja, mtu hahitaji kuvunja mlango, anasimama tu kwenye korido. Kwa saiba ya senje hilo lilimaanisha kitu kidogo sana: namba moja ya simu haiwezi kuomba dirisha la PIN zaidi ya mara tatu kwa dakika kumi. Kabla ya hapo, mtu angeweza kuandika namba ya mpenzi wake wa zamani na kumpigia madirisha usiku kucha. Ningependa kusema hakuna aliyefanya hivyo.

Halafu funguo. Siku niliyoposti msimbo kwenye GitHub, funguo zangu za Daraja zilikuwa ndani. Nilipogundua, nilifuta faili na kupumua. Makosa. Git inakumbuka kila kitu, kama shangazi kwenye matanga. Mtu anarudi nyuma kwenye historia na anazisoma. Na kuna programu zinazozunguka GitHub mchana na usiku zikitafuta funguo zilizosahaulika. Ukishamwaga funguo, usizifute tu. Zibatilishe, utengeneze nyingine, na hizo mpya ziishi kwenye faili ambayo Git haiigusi.

Kitu cha mwisho nilichokikuta kwenye mfumo wangu sitakisahau. Risiti ya mteja ilikuwa na anwani inayoisha na namba. Risiti yangu ilikuwa 112. Nikaandika 111. Nikaona jina, namba ya simu na saa ambayo dada mmoja wa hosteli alinunua intaneti. 110, mwingine. Nilishuka hadi 1. Hakuna kilichonizuia, kwa sababu nilikagua kama umeingia na nikasahau kukagua kama hiyo risiti ni yako. OWASP, wale watu wanaoorodhesha hatari za usalama wa programu, wameiweka hiyo namba moja kwenye orodha yao ya API, ya 2019 na tena ya 2023. Na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, faini yake inafika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mtu anaweza kumfuata dada wa watu usiku kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kuposti. Hiyo sikuiona kwenye daftari la senje, na ndiyo ilininyima usingizi.

Mtu asinielewe vibaya akaanza kubadilisha namba kwenye tovuti za wengine "kujifunza". Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inaweza kukupeleka ndani miaka mitatu kwa kuingia usikoruhusiwa. Daraja ina uwanja wa majaribio, harakisha huko. OWASP wana duka la bandia linaitwa Juice Shop, limejengwa na mashimo makusudi, unaliweka kwenye laptopu yako na unalivunja bila kumkosea mtu. Mimi nimekuwa nalo wiki mbili na bado linanicheka.

Video mpya itakuwa ndefu, naomba radhi mapema. Nitaonyesha nikijiibia mwenyewe kwanza, halafu ndio tutengeneze. Wale wa dakika kumi mnaweza kuiangalia kwa awamu.

Na wale vijana? Mmoja alikuja mwenyewe. Alisikia senje anauliza uliza, akaona aibu, akaja na 750 mkononi na kusema ni za vocha zake tatu za wiki. Senje alimpa chai kwanza, halafu akamwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Mimi nilichukua namba yake. Sasa kila nikibadilisha kitu namtumia ajaribu kuvunja, na senje anamlipa kwa vocha.

Jana ameniandikia: "Buda, malipo yako sasa imekaa poa. Lakini rauta ya senje bado ina nenosiri la kiwandani."

Nimeenda kuangalia. Ni kweli.